Dambeli Nzito na Zoezi la Kifua: Kuzipandisha, Kuzisukuma na Kuzishusha kwa Usalama

Kijitabu cha elimu kwa wanaonyanyua vyuma Sumbawanga, Nkasi, Kalambo na kote Ufipa

1. Hatari iko wapi?

Chuma kirefu cha kifua kina stendi yake: unakitoa, unasukuma, unakirudisha. Dambeli hazina stendi juu ya benchi. Zinatoka sakafuni na kurudi sakafuni, na safari zote mbili zinategemea mikono yako. Wakati wa kusukuma mtu huwa makini. Wakati wa kupandisha huwa na haraka, na wakati wa kushusha amechoka. Hapo ndipo bega hutenguka, msuli wa kifua huchanika au chuma huangukia uso. Kwa hiyo anayejua kusukuma tu hajalijua zoezi hili.

2. Kagua vyombo kabla ya kulala chali

*Uzito.* Jimu nyingi za mtaani hutumia makopo ya rangi yaliyojazwa zege na kuunganishwa kwa bomba. Lita moja ya zege ina takribani kilo 2.4. Kopo la lita 4 likijaa linakaribia kilo 10, na dambeli ya makopo mawili inakaribia kilo 20 hata kabla ya kuhesabu bomba. Mikono miwili, karibu kilo 40. Usikisie. Ufipa ni eneo la mahindi na mizani haikosekani: omba upimiwe kwenye duka la nafaka, kisha andika uzito kwa rangi ubavuni mwa kopo. Dambeli mbili zikitofautiana kwa zaidi ya nusu kilo, zisitumike pamoja.

*Uimara.* Bomba lililochomekwa tu kwenye zege huchomoka. Mwambie fundi wa kuchomelea aweke vipande vya nondo vilivyokingama kwenye ncha za bomba kabla zege halijamiminwa. Wafipa waliyeyusha chuma kwenye malungu, tanuru ndefu za udongo, vizazi na vizazi. Fundi wa kazi hii ndogo hatakosekana. Limwagilie zege maji siku za mwanzo, na usilinyanyue mapema, kwa kuwa huchukua takribani siku 28 kufikia uimara wake. Kabla ya kila zoezi, shika kopo moja na utikise jingine. Likicheza au likitoa mlio wa kukwaruza, liweke kando.

*Dambeli za sahani.* Kaza nati kila baada ya raundi. Sahani ikichomoka upande mmoja, mkono hupinduka papo hapo.

*Benchi.* Likalie, litikise kushoto na kulia, tazama misumari. Sakafu ya pande zote mbili iwe tupu: pasiwe na chupa, viatu wala mtoto. Kipande cha tairi kuukuu chini ya kila mkono kinatosha kupokea chuma.

3. Andaa mwili

Sumbawanga mjini iko takribani mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai baridi yake inajulikana. Misuli iliyopoa haivutiki vizuri. Tembea haraka au ruka kamba kwa dakika 10, zungusha mabega, kisha fanya raundi mbili za dambeli nyepesi. Sweta livuliwe baada ya mwili kupata joto.

Miezi hiyo hiyo ni ya mavuno. Kijana aliyeshinda akipakia magunia ya mahindi kwenye Fuso ameshatumia mabega na mgongo. Shirika la Kazi Duniani, katika Pendekezo lake namba 128 la mwaka 1967, lilishauri mzigo unaobebwa na mwanamume mmoja ukizidi kilo 55, hatua zichukuliwe haraka kuupunguza. Gunia la kilo 100 limeupita mpaka huo mbali sana. Siku ya kupakia, pumzika au fanya zoezi jepesi.

Mwenye shinikizo la juu la damu, ngiri au maradhi ya moyo amwone mhudumu wa afya kabla ya kuanza vyuma vizito.

4. Hatua kwa hatua

*Kupandisha*

1. Simama katikati ya dambeli. Kunja magoti, nyoosha mgongo, nyanyuka kwa nguvu za miguu.
2. Kaa mwisho wa benchi. Simamisha kila dambeli juu ya paja, karibu na goti.
3. Lala polepole huku ukiinua magoti, moja baada ya jingine au yote pamoja, yasukume dambeli hadi usawa wa kifua. Mikono inaongoza, miguu ndiyo inayobeba.
4. Tuliza nyayo sakafuni. Vuta mabega nyuma na chini, yashike benchi.

Usipoweza kuzifikisha mapajani bila kujikamua, uzito huo si wako bado.

*Kusukuma*

5. Vifundo vya mikono vinyooke, visipinde kuelekea kichwani. Viwiko vikae kati ya mbavu na mstari wa mabega, visitanuliwe kama msalaba.
6. Shusha kwa kuhesabu hadi tatu huku ukivuta pumzi. Ishia usawa wa kifua au pale bega linapoanza kuvutika.
7. Sukuma juu huku ukitoa pumzi. Usizigonganishe dambeli juu ya uso wako.

Ukiweza mara 12 bila kuyumba, ongeza kilo 1 au 2 kila mkono, si zaidi.

*Kushusha*

8. Acha ukiwa bado na nguvu ya kusukuma mara mbili. Nguvu hiyo ndiyo ya kushushia.
9. Rudisha dambeli karibu na kifua, inua magoti yazipokee juu ya mapaja, kisha inuka ukae kwa uzito wa miguu.
10. Simama, kunja magoti, ziweke chini.

Usizitupe pembeni mikono ikiwa imetanuka. Chuma kinachovuta mkono nyuma ya benchi kinaweza kulitoa bega mahali pake.

5. Msaidizi na namna ya kuokoa

Msaidizi akae nyuma ya kichwa chako, mikono yake ikiwa karibu na vifundo vya mikono yako. Akikusukuma viwikoni, mkono bado unaweza kukunjika na dambeli ikakuangukia. Mkubaliane neno moja, kwa mfano "Shika!", na likisemwa hakuna mjadala.

Ukiwa peke yako na nguvu zikakata, vuta viwiko mbavuni, laza dambeli kifuani, kisha zipeleke mapajani. Likishindikana hilo, ziachie zote mbili kwa pamoja, nje ya benchi na mbali na kichwa.

6. Ukiumia

Acha zoezi. Weka kitambaa cha maji baridi kwa dakika 15 hadi 20. Siku mbili za mwanzo usichue wala kupaka dawa za kuchoma.

Nenda hospitali siku hiyo hiyo ukiona dalili hizi:

- umesikia kitu kukatika, au kifua na kwapa vimevilia damu;
- bega limebadilika umbo;
- vidole vinakufa ganzi au mkono hausukumi.

Asiruhusiwe mtu wa mtaani kulivuta bega ili kulirudisha mahali pake. Funga mkono kwa kanga shingoni, na safari iwe kwa gari au bajaji, si bodaboda.

Maumivu ya kifua yanayobana, yanayoenda mkononi au kwenye taya, pamoja na jasho au kuishiwa pumzi, yanaweza kuwa ya moyo. Usisubiri yapoe.

7. Kwa wenye jimu: bandika ukutani

- Kila dambeli iandikwe uzito wake.
- Iliyopasuka itoke ndani siku hiyo hiyo.
- Mgeni aonyeshwe kupandisha na kushusha kabla hajapewa vyuma vizito.
- Aliye chini ya miaka 18 asimamiwe na mtu mzima anayejua zoezi.
- Hakuna kushindana kwa uzito bila msaidizi.
- Namba ya dereva wa kumpeleka majeruhi hospitali iandikwe hapa: ____________