Fedha Zikipungua Kazini

Masomo ya kusomwa kwanza: Mwanzo 43 na 44; Tobiti 2:11-14; 2 Wakorintho 8:16-21



Hapa Kijenge wengi wetu tunashika fedha za watu wengine. Wako makeshia wa maduka na wa vituo vya mafuta, mawakala wa fedha za simu, makarani wa vyama vya akiba na mikopo, wahudumu wa hoteli, makonda wa daladala. Jioni fedha huhesabiwa. Zikipungua shilingi 80,000, macho yote humgeukia mmoja. Tangu saa ile jina lake lina doa, hata kabla hajaulizwa neno. Habari hushuka kutoka Kijenge Juu hadi Mwanama kabla giza halijaingia, na Jumapili watu humtazama anapokwenda kwenye Meza ya Bwana.

Tuanze na Tobiti, maana habari yake hatuisomi mara nyingi. Tobiti alikuwa mtu wa haki, mtoaji wa sadaka, aliyewazika maiti wasio na mtu. Alipopofuka, mkewe Ana alifanya kazi ya mikono kwa ujira. Siku moja waliomwajiri walimlipa ujira wake wote, tena wakamwongezea mwana-mbuzi. Alipofika nyumbani, mbuzi akalia. Tobiti akauliza ametoka wapi, asije akawa wa wizi, akaamuru arudishwe kwa wenyewe. Ana akaeleza kwamba ni zawadi juu ya ujira. Tobiti hakusadiki.

Tuangalie jambo hili vizuri. Aliyeshtaki hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa sala. Lakini hakuweza kuona, na pale asipoona alipajaza kwa dhana. Hivyo ndivyo tufanyavyo sisi wenye maduka na wenye wasaidizi wa nyumbani. Hatukuwapo, hatukuona, lakini tumekwisha kujua ni nani.

Sasa Benyamini. Kikombe cha fedha kilionekana ndani ya gunia lake, mchana kweupe, mbele ya ndugu zake wote. Ungetakiwa ushahidi gani tena? Hata hivyo sisi tunaosoma tunajua kwamba kikombe kilitiwa humo kwa amri ya Yusufu mwenyewe. Kitu kukutwa kwa mtu ni jambo la kuchunguza, bado si hukumu. Tena turudi nyuma sura moja. Wale ndugu walikuta fedha zao zimerudi maguniani. Mzee Yakobo hakupiga kelele za mwizi. Alisema huenda watu walikosea tu, akaagiza zirudishwe. Nao walipofika Misri hawakungoja kuulizwa, walimweleza msimamizi pale pale mlangoni. Mfanyakazi anayekuta ziada kwenye droo akanyamaza, siku ya upungufu atasadikiwa na nani?

Makosa ya namna aliyoiwaza Yakobo ni ya kila siku: chenji iliyozidi, mkopo wa mteja ambao haukuandikwa, fedha za simu zilizokwenda namba nyingine, watu wa zamu mbili kutumia droo moja. Na tuseme wazi, liko la tajiri mwenyewe kuchukua fedha za mafuta ya gari asubuhi bila kuacha karatasi, jioni amesahau. Hili la mwisho tumelisikia mara nyingi mno.

Wengine husema siku hizi hesabu ziko kwenye kompyuta, na kompyuta haikosei. Basi tusikilize yaliyotokea Uingereza. Tangu mwaka 1999 Posta ya nchi hiyo ilitumia mfumo wa hesabu ulioitwa Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya Fujitsu. Mfumo huo ulionyesha upungufu katika ofisi ndogo za posta, na wasimamizi wake wakadaiwa wafidie. Wengine walitoa akiba zao zote. Wengine walikiri makosa wasiyoyafanya ili wasifungwe. Wengi waliambiwa kwamba ni wao peke yao wenye shida hiyo. Hadi mwaka 2015 zaidi ya watu 900 walikuwa wametiwa hatiani. Msimamizi mmoja, Alan Bates, hakukubali. Aliwakusanya wenzake, wakaenda mahakamani wadai 555, na Desemba 2019 Mahakama Kuu ikasema kwamba mfumo ule ulikuwa na kasoro zilizoweza kuleta upungufu usiokuwako. Mwaka 2021 Mahakama ya Rufani ilifuta hukumu za watu 39 kwa siku moja, na mwaka 2024 Bunge likatunga sheria ya kufuta nyingine kwa mamia. Kwa wengine ilikuwa imechelewa: taarifa ya uchunguzi iliyotolewa mwaka 2025 ilisema watu wasiopungua 13 huenda walijiua kwa sababu ya mambo hayo.

Aliyeiongoza Posta hiyo tangu 2012 hadi 2019, Paula Vennells, alikuwa pia kasisi wa Kanisa la Anglikana. Hatuandiki hivi ili kumrushia mawe. Tunaandika kwa sababu ni Kanisa letu, na kwa sababu Tobiti naye alikuwa mtu wa sala.

Turudi nyumbani. Nchi yetu ina Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, na kanuni zake za mwaka 2007, ambazo wengi wetu hatujazisoma. Mzigo wa kuthibitisha kosa ni wa mwajiri. Mfanyakazi haambiwi athibitishe kwamba hakuiba. Lazima uchunguzi ufanywe kwanza. Shtaka liandikwe, naye apewe muda usiopungua saa 48 kujitayarisha kabla ya kusikilizwa, tena anaweza kuja na mwenzake wa kazini au mjumbe wa chama cha wafanyakazi amsaidie. Mshahara nao haukatwi hivi hivi. Hasara iwe imetokana na kosa la mfanyakazi, aonyeshwe kwa maandishi sababu na hesabu ya deni, apewe nafasi ya kulipinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. Akiachishwa kazi bila haki, anazo siku 30 za kupeleka lalamiko kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo ina ofisi hapa Arusha. Siku 30 hupita upesi kwa mtu aliyejifungia ndani kwa aibu.

Kwa hiyo, ndugu uliyeshtakiwa, usitie sahihi karatasi ya kukubali deni usilolijua, hata ukiambiwa mambo yataisha leo leo. Andika maelezo yako siku ile ile: ulipokea zamu kwa nani, kwa kiasi gani, nani mwingine alikuwa na ufunguo. Baki na nakala. Na kama kweli ulichukua, njia ya Zakayo iko wazi, nayo huanza kwa kusema.

Nawe tajiri, usiwapeleke wafanyakazi kwa mpiga ramli. Jambo hili lingaliko, na wengine wanaolifanya tunakaa nao benchi moja kanisani. Ramli haihesabu fedha. Hesabu tena wewe mwenyewe, mtu wa tatu akiwapo, kabla hujamwita polisi.

Mtume Paulo alipokusanya sadaka ya kuwasaidia watakatifu hakuichukua peke yake, ingawa nani angemdhania vibaya? Alimtuma Tito pamoja na ndugu mwingine aliyechaguliwa na makanisa, ili pasiwe na wa kuwalaumu juu ya fedha nyingi namna ile. Ndiyo maana sadaka ihesabiwe na watu wawili au zaidi, watie sahihi wote kabla ya kutoka chumbani. Mzee wa kanisa anayehesabu peke yake kwa kuwa ni mwaminifu anajiweka mahali pa hatari, nasi tunaomwacha tunamweka hapo.

Katika mikutano yenu ya nyumbani mwezi huu someni Mwanzo 44 hadi mwisho, mahali Yuda mwana wa Yakobo anapotoka mbele kumwombea mdogo wake, ingawa kikombe kimeonekana. Kisha mzungumze: Benyamini angekuwa keshia hapa Kijenge, nani kati yetu angekwenda naye siku ya kusikilizwa?