Kugeuza Namba na Kuhamisha Mabano

Walimu wanafunzi wengi hudhani kwamba tendo likikubali kugeuza namba, kama 3 + 5 = 5 + 3, lazima likubali pia kuhamisha mabano. Dhana hiyo huingia nao darasani. Dawa yake ni kuhesabu.

Tuchukue seti yenye memba wawili tu, 0 na 1. Jedwali la tendo lina nafasi 4, na kila nafasi hujazwa kwa njia 2. Basi majedwali yote ni 16. Yanayokubali kugeuza ni 8. Yanayokubali kuhamisha mabano nayo ni 8, lakini si yale yale: yanayokubali yote mawili ni 6.

Tazama tendo ambalo 0 * 0 = 1, na majibu mengine yote ni 0. Lageuzika bila shaka. Hata hivyo, (0 * 0) * 1 = 1 * 1 = 0, ilhali 0 * (0 * 1) = 0 * 0 = 1.

Kwa memba 3 majedwali hufikia 19,683, na yanayokubali kuhamisha mabano ni 113 tu. Kazi hiyo tusimtwishe mtoto. Yeye apewe wastani wa namba mbili. Wastani wa 2 na 4 ni 3, kisha wa 3 na 8 ni 5½. Sasa aanze na 4 na 8.