Nambari 116: Tarakimu Tatu za Kumwokoa Mtoto

Mtu anapomsikia mtoto wa jirani akilia kwa kipigo usiku baada ya usiku, huanza kujiuliza: nimwambie nani? Chifu, polisi au afisa wa watoto? Akiwa bado anawaza, mtoto anaendelea kuumia. Somo la leo ni fupi: si lazima ujue ofisi inayohusika. Piga 116.

Hii ni nambari ya kitaifa ya kuwasaidia watoto. Haitozwi malipo, kwa hivyo unaweza kuipiga hata kama huna salio, na hupokelewa usiku na mchana. Anaweza kupiga mtoto mwenyewe, mzazi, mwalimu au jirani. Kisheria, mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18.

Piga ukijua au ukishuku kuna kipigo, unajisi, ukeketaji, ndoa ya mapema, ajira ya watoto, au mtoto aliyetelekezwa au kupotea.

Ukipokelewa, eleza:

1. Mtoto yuko wapi. Taja kijiji na shule, soko au kanisa lililo karibu.
2. Umri wake, hata kwa kukadiria.
3. Umeona au kusikia nini, na lini.
4. Kama yuko hatarini wakati huu.

Huhitaji kuwa na ushahidi. Kuchunguza ni kazi ya maafisa. Mshauri atakusikiliza, kisha ataelekeza kesi kwa afisa wa watoto, polisi au hospitali. Unaweza kuomba jina lako lisitajwe.

Mtoto akinajisiwa, mpeleke hospitali mara moja. Dawa za kuzuia maambukizi ya Virusi vya Ukimwi huanzishwa kabla ya saa 72 kupita. Asiogeshwe kwanza. Nguo alizovaa zisifuliwe. Zitie katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Matibabu hayangoji ripoti ya polisi. Wala msikubali kesi kama hiyo imalizwe nyumbani kwa mbuzi au pesa. Unajisi ni uhalifu, si ugomvi wa familia mbili.

Zoezi la jioni: muulize mwanao, “Ukipatwa na jambo unaloogopa kuniambia, utapiga nambari gani?” Asipojua, mfundishe kabla hajalala.