Nimewafundisha, wameondoka

Maswali na majibu kwa wanaotumikia Kanisa Ufipa

Semina ya makatekista ikifanyika Sumbawanga, mlangoni huwekwa kikapu cha maswali. Siku ya pili asubuhi kinakuwa kimejaa vikaratasi vya daftari vilivyokunjwa mara nne, vingine vimeandikwa kwa penseli. Wanaouliza ni makatekista, wenyeviti wa jumuiya ndogondogo, akina mama wa WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania), na mara mojamoja hata jirani zetu wa Moravian. Wengi wanaumizwa na jambo moja: nimefanya nilichotumwa, mbona sioni nilichotarajia? Nimechagua maswali machache. Majina ya waulizaji na vigango vyao nimeyaacha.

Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu. Mimi ni katekista bondeni, upande wa Ziwa Rukwa. Watoto nawafundisha mpaka Kipaimara. Askofu akishaondoka, na wao wanaondoka. Wengine wako Tunduma wanabeba mizigo, wengine Mbeya, na waliobaki hapa Jumapili huwaoni. Je, nimefanya kazi bure?

Milele amina. Umechanganya maswali mawili, na kila moja lina mwenyewe. La kwanza ni lako: nilifundisha vizuri? Hilo jiulize bila kujihurumia. Nimekaa nyuma ya madarasa ambayo mtoto anataja sakramenti saba kwa mkupuo, bila kupumua, kwa sababu Askofu atauliza. Lakini mtoto huyohuyo hajawahi kupelekwa hata mara moja kumsalimia bibi mgonjwa nyumba ya tatu kutoka kanisani. Ikiwa ndivyo ilivyo kwako, kasoro unayo na unaweza kuirekebisha mwaka huu.

La pili, kwa nini wameondoka, si lako peke yako. Mapadri Weupe walioleta imani huku walikuwa na utaratibu mkali kutoka kwa mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie: miaka minne ya maandalizi kabla ya ubatizo, miwili ya kuchunguzwa na miwili ya ukatekumeni kamili. Miaka minne! Sisi leo tukifikisha miezi minane mfululizo bila mvua kutukatisha tunajipongeza. Na bado, hata wao walibatiza watu waliorudi nyuma. Muda mrefu huandaa moyo, lakini haujawahi kuufunga kwa kufuli.

Wewe ni mkulima, kwa hiyo nitumie mfano wa ntumba, yale matuta ya nyasi. Babu zetu walikata nyasi mvua zikielekea kwisha, wakazifukia kwa udongo, wakayaacha matuta yaoze mpaka msimu mwingine ndipo wakapanda ulezi. Aliyeyarundika matuta hakusimama juu yake usiku kucha kuhakikisha yanaoza. Lakini pia hakuna aliyewahi kuvuna ulezi mahali ambapo hakurundika kitu. Yesu anasema jambo la jamii hiyo katika sura ya nne ya Marko, juu ya mtu aliyepanda akaenda kulala, na mbegu ikaota pasipo yeye kujua vipi.

Sasa la kufanya: tafuta namba za simu za hao wa Tunduma. Wapigie. Waulize wanalala wapi na wanakula nini kabla ya kuwauliza habari za misa. Kisha waambie parokia iliyo karibu nao ni ipi.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mhasibu wa parokia. Haya maneno ya "tumwachie Mungu matokeo" nayasikia sana kwa watu ambao hawajaleta risiti. Mnafundisha uvivu?

Marahaba. Umenifurahisha, kwa sababu nami nayasikia.

Nabii Ezekieli, sura ya thelathini na tatu, anaeleza habari za mlinzi wa mji. Adui akija na mlinzi akapiga tarumbeta, asiyesikiliza atajibu mwenyewe. Mlinzi asipopiga, damu inadaiwa mkononi mwake. Kwa hiyo mlinzi hadaiwi masikio ya watu, ila tarumbeta anadaiwa sawasawa. Risiti ni tarumbeta. Vivyo hivyo kufika kwa wakati, kuandika rejista ya ubatizo siku ileile, kuhesabu magunia ya zaka mbele ya mashahidi wawili, kutotumia fedha ya bati kununulia saruji bila kikao. Hayo yote yako mikononi mwetu na hayana uhusiano wowote na kumwachia Mungu. Mtu akikujibu kwamba risiti iko kwa Mungu, mwambie arudi kuichukua.

Tunaambiwa habari za Adriano Atiman wa Karema. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari, Namanyere. Naomba kujua: alifanikiwa nini hasa?

Swali zuri, na jibu lake linahitaji nafasi kwa sababu tumezoea kumsimulia Atiman kwa namna ya sanamu.

Alizaliwa karibu mwaka 1866, kandokando ya mto Niger jirani na Timbuktu, nchi ambayo leo ni Mali. Akiwa mtoto alitekwa, akavushwa Jangwa la Sahara kama mtumwa, akakombolewa na Mapadri Weupe huko Algeria mwaka 1876. Wakampeleka Malta kusomea utabibu. Mwaka 1889 alifika Karema, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, akiwa tabibu na katekista. Alibaki hapo mpaka alipofariki mwaka 1956. Miaka 67, kituo kimoja.

Lakini angalia mpango aliotumwa kuutekeleza. Lavigerie alitaka vijana Waafrika waliokombolewa utumwani wasomee udaktari, kisha wasambae wakiwa matabibu na makatekista. Chuo cha Malta kilifungwa hata kabla karne ya 19 haijaisha, na wachache tu waliodumu katika kazi hiyo kama Atiman. Lavigerie aliota pia ufalme wa Kikristo kandokando ya ziwa, ukilindwa na mwanajeshi Mfaransa, Kapteni Léopold Joubert. Karema yenyewe ilikuwa kituo cha Wabelgiji kilichoanzishwa mwaka 1879, wakawaachia mapadri mwaka 1885, Mfalme Leopold alipoelekeza macho yake Kongo. Wakubwa wa Ulaya wakagawana nchi, upande huu ukawa wa Wajerumani, na ule ufalme ukabaki kwenye barua. Wamisionari walikusanya pia watoto waliokombolewa katika vijiji vya misheni, wakidhani humo ndimo jamii mpya ya Kikristo itakamotoka. Humo haikutoka kwa wingi waliotarajia. Kanisa la Ufipa lilikua zaidi huku juu, katika vijiji vya watu huru, kwa miguu ya makatekista ambao majina yao mengi hayamo katika vitabu.

Kwa kipimo cha waliomtuma, basi, Atiman alikuwa mtu wa mradi uliokwama. Sijui kama jambo hilo lilimnyima usingizi. Ninachoona ni kwamba wagonjwa hawakuacha kuja, naye hakuacha kuwapokea. Alioa mwanamke wa huku, akajifunza dawa za miti za wenyeji akaziweka pamoja na alizosomea Malta. Mwanawe Yosefu akawa padri. Baadaye alipewa na nishani za heshima, lakini nishani zilimkuta ameshazeeka kazini. Tawala zilipita, Mjerumani kisha Mwingereza, na aliaga dunia miaka mitano kabla ya Uhuru.

Umeuliza alifanikiwa nini. Kuna watu wa mwambao wa ziwa ambao bibi zao walizaliwa hai kwa sababu yeye alikuwapo. Hakuna daftari la hesabu hiyo.

Mwalimu, mbona baada ya miaka yote hiyo ya Injili watu wetu bado wanakwenda kwa waganga? Waliobatizwa, wenye ndoa ya kanisani! Mimi ni mzee wa kanisa, Moravian, karibu na Laela.

Karibu sana, mzee. Jambo hilo ni la zamani kuliko mimi na wewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mwanaanthropolojia Mwingereza, Roy Willis, alikuwa akiishi na Wafipa, akashuhudia na kuandika habari za Kamchape. Vikundi vya vijana viliingia kijijini, watu wakatoa pembe na hirizi zao hadharani, wakachanjwa dawa ya kuwakinga na kuwaumbua wachawi. Waliojipanga walikuwa Wakristo kwa wingi, katika nchi ambayo tayari ilikuwa miongoni mwa zile zenye Wakatoliki wengi zaidi Tanganyika.

Mapadri wa wakati ule wangeweza kusema kazi yao ya miaka sabini imeoza. Mimi nasoma hivi: watu walikuwa na hofu ya kweli, watoto wao walikuwa wakifa, na walitaka kijiji kisafishwe ili waweze kuaminiana tena. Tuliwafundisha Amri Kumi. Hofu ya jirani tuliigusa juujuu. Hapo kuna sehemu yetu, nayo tuifanye: mgonjwa akilala ndani siku tatu, jumuiya ifike kabla ya mganga. Watu wanaonuniana kwa ajili ya mpaka wa shamba wapatanishwe mapema, kabla mtoto wa mmoja hajaugua na kidole kikaanza kunyooshwa.

Ukifanya hayo, bado wako watakaokwenda usiku. Usiwavizie njiani. Kanisa likishaanza kuvizia, limekuwa Kamchape jingine.

Mfadhili wa zahanati yetu anataka taarifa kila robo mwaka, yenye "mabadiliko yaliyopatikana". Tuandike nini kama hakuna?

Andikeni ukweli. Akina mama waliohudhuria kliniki, chanjo zilizotolewa, siku ambazo dawa hazikuwapo na kwa nini. Msiandike kwamba kijiji kimebadilika tabia kwa sababu ya semina ya siku mbili, maana nyinyi na mimi tunajua semina ile iliishia kwenye wali. Shida ya taarifa za uongo ni kwamba mwaka unaofuata mtalazimika kuuendeleza uongo huo kwa tarakimu kubwa zaidi, na mwisho mtaanza kuwachagua wagonjwa wanaopendeza kwenye picha. Wafadhili wengi nilioshughulika nao huvumilia habari ya kushindwa kuliko tunavyodhani. Asiyevumilia atakwenda. Mwacheni aende.

Mimi ni mama wa WAWATA. Tulimwombea mgonjwa wetu hospitalini siku tisa, tukamwambia atapona. Alifariki. Sasa mume wake hataki kutuona.

Pole sana, mama. Poleni nyote.

Kuomba mlifanya vema. Kumwahidi uponyaji mlitoa kitu ambacho hamkuwa nacho mkononi. Nasema hivi bila kuwalaumu, kwa sababu ukikaa kando ya kitanda ulimi unatafuta neno la faraja, na lililo karibu huwa ni hilo. Safari nyingine mwambieni mgonjwa kile mnachoweza kukitimiza: kesho nitaleta uji, watoto watalala kwangu, hutakuwa peke yako. Na ombeni uponyaji kwa sauti, bila aibu, kwa kuwa kuomba si kutoa amri.

Kwa huyo baba, nendeni wawili, msiwe kundi. Msimweleze mapenzi ya Mungu. Mwambieni tulikuahidi jambo ambalo halikuwa letu, tunakuomba radhi. Kisha mchote maji mlete, au mpalilie lile shamba la maharage ambalo marehemu aliliacha nusu. Asipowakaribisha, palilieni tu, mrudi nyumbani.

Mwanangu amekwenda kwa walokole. Nimekosea wapi?

Anasali? Anafanya kazi? Anakusalimia? Basi mwalike Jumapili jioni mle pamoja, na usimlishe mahubiri na ugali kwa wakati mmoja.

Mwalimu, nimejenga kwaya kwa miaka mingi, sasa nahamishiwa kigango kingine. Anayekuja nimesikia anataka kubadilisha kila kitu. Nifanye nini kabla sijaondoka?

Hili ndilo jaribu gumu kuliko yote, gumu hata kuliko kushindwa. Yona alihubiri Ninawi akafaulu, mji mzima ukatubu, naye akaenda kukaa nje akiwa amekasirika kwa sababu mambo hayakwenda alivyopanga yeye. Aliyefanikiwa ndiye anayeshikilia zaidi.

Usiitishe kikao cha wanakwaya cha kuagana kinachogeuka kuwa kikao cha kujiandaa kupambana. Usiondoke na kinanda, hata kama harambee yake uliiongoza wewe. Usiwe unapigiwa simu kila Jumamosi na waimbaji kukueleza mgeni amekosea wimbo gani. Wakipiga, uliza habari za watoto wao, kisha kata.

Andika ukurasa mmoja wa kumwachia. Yupi ana sauti nzuri lakini anaona aibu. Yupi haelewani na nani, ili wasikae benchi moja. Yule binti anayetunza mdogo wake na hawezi kufika mazoezi ya jioni, mazoezi yake ni saa nane mchana. Ufunguo wa kabati uko kwa nani, na deni la kitambaa cha sare limebaki shilingi ngapi. Nakala mbili: moja kwake, moja kwa Paroko. Ukishazikabidhi, panda gari uende. Huko unakokwenda nako wanakusubiri na kwaya yao ambayo mwenzako ameiacha kwa shida.