Ufalme wa Mungu ni Nini?

Wapenzi wakatekumeni, katika sala ya Baba Yetu mwaomba Ufalme wa Mungu ufike. Mwaomba kitu gani? Mtakatifu Mateo mara nyingi huuita Ufalme wa mbinguni. Labda ndiyo sababu wengine hudhani ni nchi ya mbali, tutakayoiona baada ya kufa tu. Sivyo. Maana yake ni Mungu mwenyewe kutawala.

Watu 5,000 waliposhiba mikate mitano ya shayiri na samaki wawili, walitaka kumshika Yesu wamfanye mfalme. Naye akawaepuka, akapanda mlimani peke yake. Walitaka mfalme wa kuwashibisha, wala hawakufikiri kutawaliwa naye mioyoni. (Nasi je?)

Katika Injili ya Mtakatifu Marko, Yesu aufananisha Ufalme na mbegu. Mkulima akiisha kuipanda, hulala na kuamka, nayo yaota asijue jinsi gani. Ndivyo Ufalme ulivyo: umekwisha kuanza, mavuno bado. Hakuna mkulima afukuaye mbegu kila asubuhi apate kuitazama. Mafarisayo walipomwuliza Yesu siku ya kuja kwake, aliwajibu kwamba umekwisha kuwa kati yao; nao walikuwa hawajauona.