Somo kwa Vyama: Bei ya Umeme wa Makaa ya Mawe

Wanachama wengi hudhani kwamba bei ya umeme ni bei ya kile kinachochomwa. Wakisikia kuwa makaa ya mawe ni rahisi, huamini kuwa na umeme wake utakuwa rahisi. Hesabu hiyo haijakamilika.

Gharama za kituo cha umeme ni za namna mbili. Kwanza, gharama za kudumu: mkopo wa ujenzi, riba, mishahara na matengenezo. Hizi hulipwa hata mitambo ikilala. Pili, gharama zinazobadilika, hasa makaa na usafirishaji wake.

Tuseme gharama za kudumu ni shilingi 1,000 kwa siku. Kituo kikiuza uniti 100, kila uniti hubeba shilingi 10. Kikiuza uniti 50, kila uniti hubeba shilingi 20, kabla ya kuhesabu makaa.

Kule Lamu, Kenya, ilikusudiwa kujengwa kituo cha megawati 1,050, na makaa ya kuanzia yangeagizwa kutoka Afrika Kusini. Hata mwaka 2019, mahitaji ya juu kabisa ya nchi nzima hayakufika megawati 2,000. Tena, mikataba ya vituo vya namna hii kwa kawaida humtaka mnunuzi alipie uwezo wa mitambo, autumie asiutumie. Mzigo huo hatimaye huingia katika ankara ya nyumba yenye taa mbili, ya kinyozi, ya mwenye mashine ya kusaga, na ya chama kinachopoza maziwa. Juni 2019 baraza la mashauri ya mazingira lilifuta leseni ya kituo hicho, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Hii si kusema kwamba upungufu wa umeme ni nafuu. Umeme ukikatika, maziwa huharibika na hasara ni ya mkulima. Linalotakiwa ni kupima uwezo kwa mahitaji.

Kanuni hiyo hiyo inakihusu chama. Chama kinachokopa fedha kununua mtambo wa lita 5,000, kisha kikapokea lita 1,500, kitalipa deni la lita 5,000. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Maswali ya kujadiliwa mkutanoni:
1. Katika gharama za chama chenu, zipi ni za kudumu?
2. Mitambo yenu hutumika kwa kiasi gani cha uwezo wake?
3. Kabla ya mkopo wa mwisho, je, wanachama walionyeshwa hesabu?