Rais Akiteua Bunge Likiwa Limeahirishwa, Wachache Wana Nguvu Gani?

Tangu Bunge jipya lianze kazi Dodoma Novemba 2025, wasomaji wetu wa Songea wametuletea maswali mengi kuhusu uteuzi wa viongozi. Mtaalamu wetu wa sheria ya katiba anajibu machache yanayohusiana.

Shikamoo mwalimu. Nasikia Marekani kuna wabunge waliozidiwa kura lakini wakamzuia Rais kuteua watu wakati wa likizo. Waliwezaje? (Msomaji, Mfaranyaki)

Marahaba. Katiba ya Marekani inataka mawaziri, majaji na wakuu wa taasisi wathibitishwe na Seneti. Walioiandika mwaka 1787 walijua kwamba maseneta wangekaa makwao miezi kadhaa, na safari zilikuwa za farasi. Wakampa Rais ruhusa ya kujaza nafasi zilizo wazi Seneti ikiwa mapumzikoni, na aliyeteuliwa hivyo anakaa hadi mwisho wa mkutano wa Seneti unaofuata. Baadaye ruhusa hiyo ikawa njia ya kukwepa upinzani. Agosti 2005 George W. Bush aliitumia kumpeleka John Bolton Umoja wa Mataifa baada ya uthibitisho wake kukwama.

Wapinzani wakagundua kwamba asiye na kura za kumkataa mtu anaweza kuyazuia mapumziko yenyewe. Mwaka 2011 Republican, wapinzani wa Rais Obama, walikuwa na viti 47 tu kati ya 100 vya Seneti, lakini chama chao kilishika Baraza la Wawakilishi. Katiba yao inasema chombo kimoja hakiwezi kuahirisha shughuli kwa zaidi ya siku tatu bila ridhaa ya kingine. Baraza likainyima Seneti ridhaa, na Seneti ikawa inafunguliwa kila baada ya siku tatu hivi: seneta mmoja anaingia ukumbini, anagonga nyundo, anafungua kikao, anakifunga, anaondoka.

Rais Obama aliona hicho si kikao. Tarehe 4 Januari 2012 akateua wajumbe watatu wa bodi ya taifa inayoamua migogoro ya kazi. Kampuni moja ya kujaza vinywaji kwenye chupa, Noel Canning, iliyoshindwa mbele ya bodi hiyo, ikaenda mahakamani kudai kwamba wajumbe hao hawakuwa halali. Tarehe 26 Juni 2014 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu waliipa kampuni ushindi. Seneti ikisema iko kazini, na ina uwezo wa kufanya shughuli zake, basi iko kazini. Mapumziko ya chini ya siku kumi, kwa kawaida, hayatoshi kumpa Rais ruhusa ile.

Na kwetu? Rais akiteua waziri leo, wabunge wote wakiwa majimboni?

Hana haja ya kuwasubiri. Ibara ya 55 ya Katiba yetu inamtaka ateue mawaziri na naibu mawaziri kutoka miongoni mwa wabunge, baada ya kushauriana na Waziri Mkuu. Haitaji kura ya Bunge. Wakuu wa mikoa, makatibu wakuu na majaji nao hawapiti Dodoma.

Waziri Mkuu ni tofauti. Kwa ibara ya 51 hashiki madaraka mpaka Bunge limthibitishe kwa kura za wabunge walio wengi. Edward Lowassa alipojiuzulu Februari 2008, Bunge lilikuwa Dodoma tayari, na Mizengo Pinda akathibitishwa siku iliyofuata. Makamu wa Rais naye, nafasi ikiwa wazi katikati ya muhula, lazima apite Bungeni: Dk. Philip Mpango alithibitishwa tarehe 30 Machi 2021 baada ya Rais Samia kuchukua nafasi ya hayati Magufuli. Hata hapo kura inayohitajika ni ya walio wengi. Mwaka 2015 wabunge 91 walimkataa Kassim Majaliwa kuwa Waziri Mkuu, na bado akapita bila shida.

Kwa hiyo haijawahi kutokea ubishi juu ya uteuzi uliofanyika Bunge likiwa halikai?

Umetokea, na unastahili kukumbukwa. Aprili 2012 ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali iliwasha moto Bungeni. Zitto Kabwe, wakati huo mbunge wa Kigoma Kaskazini, akaanza kukusanya saini za hoja ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu. Ibara ya 53A inataka saini za angalau asilimia 20 ya wabunge wote. Bunge lilikuwa na wabunge karibu 350, kwa hiyo saini 70. Zilipatikana, na baadhi zilitoka CCM, akiwamo hayati Deo Filikunjombe wa Ludewa, jirani zetu wa ng'ambo ya Ruhuhu.

Lakini ibara hiyohiyo inataka Spika apewe taarifa siku 14 kabla, na mkutano ulikuwa ukingoni. Kalenda ikamwokoa Pinda. Saini zile hata hivyo hazikupotea bure: tarehe 4 Mei Rais Kikwete alipanga upya Baraza la Mawaziri na kuwaacha mawaziri sita, wakiwamo Mustafa Mkulo wa Fedha na William Ngeleja wa Nishati na Madini.

Ubishi ukazuka kwenye majina mapya. Profesa Sospeter Muhongo, Janet Mbene na Saada Mkuya hawakuwa wabunge. Rais alitumia nafasi zake kumi za kuteua wabunge, akawapa ubunge, kisha akawaapisha, Muhongo kuwa waziri na wenzake wawili manaibu, Bunge likiwa limeahirishwa na kiapo cha ubunge hakijaliwa. Wapinzani wakasema Katiba imevunjwa.

Kwa maoni yangu maandishi yanambeba Rais. Ibara ya 68 inamzuia mbunge asiyeapa kushiriki shughuli za Bunge; haisemi kwamba bado si mbunge. Hata hivyo hoja ya wapinzani ina uzito ambao sheria haijaujibu hadi leo: mtu anaweza kuongoza wizara kwa wiki kadhaa kabla hajasimama mbele ya Bunge analowajibika kwalo.

Basi nguvu ya wachache wetu iko wapi?

Iko wakati wa kumtoa mtu, zaidi ya wakati wa kumwingiza. Songea tuna ushahidi wa nyumbani. Tarehe 20 Desemba 2013, baada ya kamati ya Bunge ya James Lembeli kueleza mateso ya wananchi katika Operesheni Tokomeza dhidi ya ujangili, mawaziri wanne walipoteza nafasi zao kwa siku moja. Mmoja wao alikuwa mbunge wetu wa Songea Mjini, Dk. Emmanuel Nchimbi, aliyekuwa Mambo ya Ndani, akiwajibika kwa yaliyofanywa na walio chini yake. Siku ile wapinzani na wabunge wa CCM walisema lugha moja. Bila wenzao wa chama tawala, wapinzani wangepiga kelele tu. (Leo Dk. Nchimbi ni Makamu wa Rais. Alichaguliwa kama mgombea mwenza, hivyo hakuhitaji kura ya Bunge.)

Wakitoka ukumbini, hawawezi kuvunja akidi?

Akidi ni nusu ya wabunge wote. Chama chenye zaidi ya nusu kinaijaza peke yake, kikitaka.

Kenya wenzetu wanathibitisha mawaziri. Wachache wao wana nafuu?

Kidogo, na kuna mtego. Sheria yao ya mwaka 2011 inalipa Bunge siku 28. Zikipita bila uamuzi, aliyependekezwa anahesabiwa amekubaliwa. Marekani kuchelewesha ni silaha ya wachache; Kenya kunamsaidia Rais. Ndiyo maana wapinzani wa uteuzi huko hukimbilia mahakamani. Machi 2023 Rais Ruto aliteua makatibu waandamizi 50, Bunge likakataa kuwasaili kwa kuwa sheria haikulipa kazi hiyo, wakaapishwa hivyohivyo. Tarehe 3 Julai Mahakama Kuu ikatamka kwamba nafasi hizo ni kinyume cha Katiba.

Ungepewa kalamu ya Katiba mpya, ungeandika nini?

Ningeanzia kwenye rasimu ya Tume ya Jaji Warioba: mawaziri wasiwe wabunge, na wathibitishwe na Bunge. Ningeongeza kwamba ukimya wa Bunge si kibali, na kwamba aliyeteuliwa Bunge likiwa limeahirishwa akaimu tu hadi mkutano unaofuata. Ningetaka pia theluthi ya kamati inayomsaili iweze kulazimisha mahojiano ya wazi. Wachache hawatashinda kura, lakini wananchi watasikia maswali yao.

Mimi si mbunge. Nikiona uteuzi umevunja Katiba, naweza kufungua kesi? (Msomaji, Lizaboni)

Ibara ya 26 inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kulinda Katiba. Ila marekebisho ya mwaka 2020 yalibana mlango: ukienda kwa njia ya sheria ya haki za msingi, ulitakiwa uambatanishe kiapo kinachoeleza ukiukaji huo ulivyokuathiri wewe binafsi, na wa kushtakiwa kwa niaba ya Rais alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Masjala ya Mahakama Kuu ipo hapahapa Songea. Kabla ya kulipia chochote, mwone wakili akueleze kama masharti hayo bado yanatumika.